Mapumziko katika Hifadhi za Majimbo ya Marekani (2): Kambi ya Farasi Custer

Hifadhi ya Jimbo ya Custer iko katika vilima vya Black Hills, kusini-magharibi mwa jimbo la South Dakota, Marekani. Ina ukubwa wa ekari 71,000 hivi na ilifanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1919 kwa juhudi za Gavana Peter Norbeck. Vilima hivyo ni nchi ya Walakota, waliohakikishiwa umiliki wake na Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868. Mwaka 1874 msafara wa kijeshi wa George Custer ulitangaza kuona dhahabu katika kijito cha French Creek. Wachimbaji wakamiminika, na mkataba ukavunjwa. Katika bonde la kijito hicho ndipo ilipo leo kambi iliyotengwa kwa wageni wanaokuja na farasi tu.

Kambi ya farasi haifanani na kambi ya kawaida. Viwanja vyake ni vipana ili gari linalovuta trela liweze kugeuka, mazizi hujengwa karibu na mahali pa kulala watu, na maji huwekwa karibu. Mpangilio huo, pamoja na kanuni zake zote, hutokana na mwili na tabia za farasi.

Maandalizi huanzia kwa daktari wa mifugo. Farasi anayevuka mpaka wa jimbo kwa kawaida huhitaji cheti cha afya na majibu ya kipimo cha Coggins, kinachoonyesha kama ana virusi vya upungufu wa damu wa kuambukiza. Ugonjwa huo huenezwa na pange wanaonyonya damu ya mnyama mmoja na kuhamia kwa mwingine. Hauna tiba, na kambi inayokusanya farasi kutoka pande mbalimbali ndiyo mahali pake pa kusambaa. Nyasi kavu nazo hukaguliwa: maeneo mengi ya hifadhi hutaka zilizothibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu, kwa sababu mbegu hizo hupita tumboni mwa farasi zikiwa hai na kuota popote kinyesi kinapoanguka.

Farasi wa kilo 450 hula nyasi kavu kilo 7 hadi 9 kwa siku na kunywa lita 20 hadi 40 za maji, au zaidi akitoka jasho. Tumbo lake ni dogo kulingana na mwili wake, naye hawezi kutapika; chakula kikimkwama au kikimchachia ndani, msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo mara nyingi, tena nyasi alizozizoea nyumbani. Wengine hukataa maji yenye harufu ngeni, na wenye uzoefu hubeba mapipa machache ya maji ya kwao ili wayachanganye na ya kambini mpaka mnyama azoee.

Pasipokuwa na zizi, farasi hufungwa kwenye kamba iliyotandazwa kati ya miti miwili, juu ya kichwa chake. Kamba haizungushiwi mti moja kwa moja. Hutangulizwa mkanda mpana usiokata gome. Kamba ya farasi mwenyewe hupimwa urefu ili pua ifike kwenye nyasi chini bila mguu kunasa, na fundo huwa la kufunguka kwa mvuto mmoja. Hafungwi kwa hatamu: akishtuka na kurudi nyuma, lijamu litamchana mdomo.

Kutoka kambini kuna njia nyingi za kupanda farasi, ikiwemo sehemu ya Centennial Trail, njia ya maili 111 iliyofunguliwa mwaka 1989 jimbo lilipotimiza miaka 100. Kabla ya kuondoka, kwato husafishwa na kukaguliwa, kwani jiwe dogo lililokwama humfanya farasi achechemee njia nzima.

Hatari kubwa njiani ni nyati wa Amerika, wapatao 1,300 hifadhini. Kundi lao lilianza na nyati 36 walionunuliwa mwaka 1914. Dume huweza kufikia kilo 900 na hukimbia kilomita zaidi ya 50 kwa saa. Mnyama akiinua mkia na kukwaruza ardhi, mpanda farasi hana budi kugeuza njia mapema, hasa Julai na Agosti, msimu wao wa kupandana. Kila mwisho wa Septemba wapanda farasi huswaga kundi hilo hadi mazizini mbele ya maelfu ya watazamaji. Ndama huchanjwa na kutiwa chapa, na wanaozidi uwezo wa malisho huuzwa.

Kazi ya mwisho ni usafi. Farasi mmoja hutoa kinyesi cha kilo 20 hivi kwa siku. Chote huzolewa na kupelekwa mahali palipotengwa, nyasi zilizobaki hukusanywa, na mashimo yaliyochimbwa kwa kwato hufukiwa. Uchafu ukiachwa huvutia nzi, mvua huusukumia kijitoni, na atakayefuata hukuta kiwanja kisichofaa kwa mtu wala mnyama.