Kususia Kura Hushusha Bei ya Kiti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mji wa Lokichoggio, au Loki, ulioko kaunti ya Turkana, ulivyopanda na kushuka. Kuanzia mwaka 1989 ndege za Operesheni Lifeline Sudan ziliruka kutoka uwanja wake zikipeleka chakula ng'ambo ya mpaka. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini Januari 2005, mashirika yakafunga virago kuelekea Juba, na ajira zikaondoka nayo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba chini ya tambarare ya Lotikipi kumelala hazina kubwa ya maji. Matumaini yakafufuka, kisha maji ya kisima kilichochimbwa yakapimwa na kukutwa na chumvi nyingi. Mtu aliyeyaona hayo yote, na ambaye kila baada ya miaka mitano huahidiwa kisima kilekile, ana haki ya kuchoka. Simlaumu kwa kuchoka. Ninachobishana nacho ni uamuzi unaofuata, wa kukaa nyumbani siku ya kura, kwa sababu uamuzi huo hauwaumizi waliomchosha. Unawapunguzia gharama ya kurudi madarakani.

Tuanze na hesabu, maana hoja yote imesimama hapo. Katiba ya 2010 inamtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wadi wao hawadaiwi hata nusu, anayeongoza ndiye mshindi. Hakuna kifungu kinachosema uchaguzi unabatilika wapiga kura wakijitokeza wachache. Sasa tuchukue mfano wa wadi yenye wapiga kura 6,000 waliosajiliwa na wagombea watatu. Wakijitokeza 4,500, mshindi atahitaji zaidi ya kura 1,500. Wakijitokeza 2,100 tu, atahitaji 700 na ushei. Watu 700 ni ukoo mmoja mpana, au ni vijiji viwili vitatu vinavyoweza kufikiwa usiku mmoja kwa pikipiki, unga na noti za mia mbili. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inaharamisha hongo hiyo, lakini mwenye fedha anajua kwamba ugumu wake hauko katika sheria peke yake. Ugumu wake mkubwa ni wingi wa watu anaopaswa kuwanunua, na kila anayesusia anampunguzia idadi hiyo. Isitoshe, aliyepokea unga hatakosa kufika kituoni, atafuatwa mlangoni. Anayebaki nyumbani ni yule asiyenunulika, na huyo ndiye tuliyemhitaji.

Kuna watakaosema kususia ni ujumbe, kwamba kituo kitupu kinamwaibisha mtawala. Ujumbe huo umeshatumwa Kenya, na tunajua ulivyopokelewa. Katika uchaguzi wa marudio wa urais wa tarehe 26 Oktoba 2017, upinzani ulijiondoa na ni takriban watu wanne tu kati ya kumi waliojitokeza. Rais Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 98 ya kura, akaapishwa tarehe 28 Novemba, akatawala hadi Septemba 2022. Na huo ulikuwa mgomo ulioitishwa na muungano wenye kiongozi, wabunge na mikutano ya hadhara, si mtu mmoja aliyekaa kivulini bila kumwambia yeyote sababu yake. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 22.1. Waliobaki nyumbani walizidi milioni 7.7. William Ruto alishinda kwa kura 7,176,141, akimpita Raila Odinga kwa 233,211. Maana yake ni kwamba kambi kubwa kuliko zote siku hiyo ilikuwa ya wasiopiga kura, na haikupata waziri, wala barabara, wala hata mtu wa kuuliza wanataka nini. Aliyekasirika na aliyelala huandikwa vilevile katika takwimu.

Pingamizi zito zaidi ni lile la historia: tumepiga kura tangu uhuru, na Turkana imebaki palepale. Kwamba Turkana iliachwa nyuma ni kweli, na yapasa isemwe bila kuficha. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yaliyohesabiwa kuwa na rutuba na miundombinu, yaani reli na mashamba ya nyanda za juu, kwa matumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Nchi ya mifugo ikaachwa nje kwa maandishi rasmi, si kwa bahati mbaya. Ndiyo maana hadi leo msafiri anayevuka Kainuk, mpakani mwa Turkana, kuelekea Kitale husema anakwenda Kenya. Lakini ni nini kilichoupindua mpango huo? Ni kura. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya kwa takriban asilimia 67 walipitisha katiba inayotenga angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti. Fomula ya kwanza ya mgao ikapima umaskini kwa uzito wa asilimia 20 na ukubwa wa ardhi kwa asilimia 8, na kaunti ya Turkana, iliyosahauliwa karibu nusu karne, ikajikuta katika miaka ya mwanzo ikipokea mgao wa pili baada ya Nairobi. Hakuna kususia kulikowahi kuleta shilingi hizo Lodwar, makao makuu ya kaunti.

Hapo msomaji atanijibu kwamba fedha zilifika Lodwar, Loki hazikufika. Huenda ana sababu. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 uliwahesabu karibu watu wanane kati ya kumi Turkana kuwa maskini, na mgao ulikuwa umeshaanza. Ila swali hilo lina anwani. Siku ya uchaguzi mpiga kura hupewa karatasi sita, na ile ya mwakilishi wa wadi, yenye rangi ya kaki, ndiyo watu huikunja haraka wakikimbilia masanduku mengine. Mwakilishi huyo ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na mwenye uwezo wa kumhoji gavana kuhusu kisima kilicholipiwa na kisichotoa maji. Turkana ina wadi 30, na Lokichoggio ni mojawapo. Hakuna karatasi ambayo kura moja ina uzito zaidi, na hakuna inayoharibika haraka zaidi watu waangalifu wakibaki nyumbani.

Kura huibwa, wanasema wengine. Zimewahi kuibwa, na mlolongo wa 1988, kura ya kupanga foleni, haujasahaulika. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, na mwaka 2022 Fomu 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni kila mtu azikague. Fomu hiyo hujazwa palepale darasani, kwa mwanga wa taa, mawakala wakitia saini, kisha nakala ikabandikwa mlangoni. Mwizi hupenda daftari lenye majina mengi ya watu wasiotokea. Jina la aliyefika na kuweka kidole kwenye kifaa cha kumtambua ni gumu kulitumia mara ya pili.

Ama kwamba wagombea wote ni wale wale, mwaka huohuo wa 2017 zaidi ya magavana 20 walipoteza viti vyao. Wote walikuwa na fedha, magari na ofisi.

Nakiri kikwazo kimoja ambacho si cha moyo. Agosti adakar, yaani kundi la wafugaji wanaohama pamoja, inaweza kuwa mbali na kituo, ikifuata malisho, na ni juu ya Tume ya Uchaguzi kupeleka vituo na usalama waliko watu. Hata hivyo tuangalie jirani. Ukipita mpaka wa Nadapal kuingia Sudan Kusini, watu ambao Januari 2011 walijipatia nchi yao kwa kura ya maoni hawajapata uchaguzi mkuu hata mmoja tangu uhuru wao wa Julai mwaka huo, na ule uliopangwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Wengi wa ndugu zao wako kambini Kakuma, ambako hawana kura upande huu wa mpaka. Wangepewa daftari la wapiga kura, wasingeuliza kituo kiko umbali gani.

Uchaguzi Mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kijana asiye na kitambulisho aanze sasa kwa chifu wake, kisha aende ofisi ya Tume ya eneo bunge akajiandikishe, kwa sababu daftari hufungwa kabla ya siku ya kura.