Chakula cha vidonge kwa makinda wa njiwa: kitumike wakati gani, na namna ya kukitengeneza sisi wenyewe



Hapa Kalemie, mjini na vijijini, njiwa ni mfugo wa mtu ambaye hana nafasi ya mbuzi wala nguruwe. Kibanda kimoja juu ya nguzo kinatosha kuanza. Jozi moja inataga mayai mawili, inayalalia siku 17 hadi 18, na mwezi mmoja baada ya kuanguliwa kinda yuko tayari kwa chungu ao kwa soko.

Lakini kuna lalamiko moja ambalo wafugaji wengi wanalijua. Mayai yanaanguliwa vizuri, halafu makinda wanakufa katika wiki ya pili. Wengine wanapona, lakini wanabaki wembamba, kifua kama kisu. Ndipo mtu anauliza: je, kile chakula cha vidonge cha kiwandani kinaweza kutusaidia?

Jibu letu ni fupi. Kinasaidia, lakini kwa muda fulani tu wa maisha ya njiwa. Na kwa muda huo munaweza kukitengeneza wenyewe kwa mahindi, soya na ndakala wa ziwa letu.

Vidonge ni nini?

Vidonge hivi si dawa. Ni unga wa vyakula mbalimbali uliochanganywa, ukashindiliwa na kukatwa vipande vidogo kama mbegu. Wauzaji wengine wanaviita granule. Faida yake kubwa ni hii: kila kipande kina kila kitu ndani.

Munajua tabia ya njiwa. Ukimwagia mahindi, kunde na mtama, anachagua. Anamaliza kile anachokipenda, kingine anakisukuma pembeni kwa mdomo. Mfugaji anaona ametoa chakula cha aina tatu, kumbe njiwa amekula aina moja. Kwenye kidonge hakuna cha kuchagua.

Kinda anakula kile wazazi walichokula

Kinda wa kuku anajiokotea mwenyewe tangu siku ya kwanza. Kinda wa njiwa hawezi. Anazaliwa macho yamefumba, ana gramu 15 hadi 20 tu, na chakula chake chote kinatoka katika gole la baba na la mama, yaani kile kifuko cha shingoni.

Siku za kwanza wazazi wote wawili wanamtapishia maziwa ya gole. Ni uji mzito wenye protini nyingi na mafuta. Kuanzia siku ya nne ao ya tano wanaanza kuchanganya na mbegu zilizolainika. Kufika siku ya kumi hivi, maziwa yamekaribia kwisha na kinda anategemea kile ambacho wazazi wameokota.

Hapo ndipo hatari iko. Kinda anayekua anahitaji chakula chenye protini karibu asilimia 16. Mahindi yana kama asilimia 9. Muhogo una kama asilimia 2. Kama wazazi wanaokota mahindi matupu na mabaki ya bukari, gole la kinda litajaa, lakini mwili hautajengwa. Ndiyo maana anakufa tumbo likiwa limejaa.

Funzo kutoka kwa wafugaji wa njiwa wa mbio

Watu waliochunguza sana chakula cha kinda wa njiwa ni wale wanaofuga njiwa wa mbio. Ubelgiji ni nchi inayosifika sana kwa mchezo huo: njiwa wanapelekwa mbali, wanaachiliwa, na anayerudi haraka nyumbani ndiye mshindi. Mwaka 2020 njiwa jike wa Ubelgiji, jina lake New Kim, aliuzwa kwenye mnada kwa euro milioni 1.6. Mtu mwenye njiwa wa bei hiyo hawezi kumlisha ovyo.

Sisi hatutafuti mbio, lakini kuna mambo matatu ambayo tunaweza kuchukua kwao:

1. Chakula cha kukua si chakula cha kuruka. Wakati mwili na manyoya yanajengwa, vidonge vyenye protini vinafaa. Njiwa akianza kuruka sana anahitaji nguvu, na nguvu anaipata vizuri kwenye mahindi na karanga chache.

2. Kinda anatengwa na wazazi akiweza kula mwenyewe, karibu wiki ya nne ao ya tano. Katika kibanda chake hasukumwi na wakubwa.

3. Chakula kinatolewa kwa saa, na kwa kutikisa kopo. Kinda anatoka kuruka njaa ikiwa inamuita, anasikia kopo, anarudi. Hilo lina faida kubwa kwetu: njiwa aliyezoea kopo la jioni anarudi kulala nyumbani. Asiyezoea anashinda juu ya muhogo wa jirani uliotandazwa kukauka, na hapo ugomvi unaanza.

Vidonge vitumike wakati gani?

Hakuna haja ya kulisha banda lote mwaka mzima. Weka nguvu katika vipindi viwili:

– Kwa wazazi: anza wiki moja kabla ya mayai kuanguliwa, endelea mpaka makinda watoke kwenye kiota.
– Kwa makinda: tangu siku ya kutengwa, kwa wiki nne hivi.

Nje ya hapo, mahindi, mtama na kunde vinatosha. Maharagi mabichi musiwape: yana sumu mpaka yachemshwe vizuri.

Namna ya kutengeneza kilo 10

– Mahindi yaliyosagwa: kilo 5
– Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 2
– Pumba ya mchele ao ya mahindi: kilo 1 na gramu 200
– Unga wa muhogo ulioloweshwa na kukaushwa vizuri: kilo 1
– Ndakala wakavu waliosagwa: nusu kilo
– Maganda ya mayai ao ya konokono wa ziwa, yaliyochomwa na kutwangwa: gramu 250
– Chumvi: gramu 30. Kama ndakala wametiwa chumvi, acha kabisa.

Mchanganyiko huu unatoa protini karibu asilimia 16.

Kazi inafanyika hivi. Soya lazima ikaangwe, juu soya mbichi inazuia tumbo kutumia protini. Ndakala waliokaushwa juu ya mchanga wapepetwe na kuoshwa kwanza, kisha wakaushwe tena. Changanya unga wote mkavu, isipokuwa ule wa muhogo. Muhogo uupike uji mzito. Huo ndio gundi. Mimina uji wa moto juu ya unga, kanda mpaka ushikane bila kunata mikononi. Pitisha katika mashine ya mkono ya kusaga nyama, yenye matundu ya milimita 3 ao 4. Vinyuzi vinavyotoka vikate vidogo kama punje ya mahindi ao chini kidogo.

Tandaza juu ya bashi safi, safu nyembamba, juani siku moja ao mbili. Geuza mara kwa mara. Kidonge kilicho tayari kinavunjika kwa sauti. Kikipinda, bado kina maji.

Ukungu ndio adui mkubwa

Kwetu karibu na ziwa hewa ina unyevu, na kuanzia Oktoba mvua haitoi nafasi nyingi ya jua. Mahindi na karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu ini, na kinda ndiye anaumia wa kwanza. Kusaga hakuiondoi, kupika pia hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi ambayo mumekataa kula nyumbani kwa sababu ya ukungu, musiyapeleke kwa njiwa.

Weka vidonge katika bidoni kavu yenye kifuniko, juu ya ubao, si chini kwenye udongo. Tengeneza kiasi cha wiki tatu ao nne tu. Wakati wa mvua, tengeneza kidogo kidogo. Kidonge chenye harufu ya uchachu kitupwe.

Kuwazoesha polepole

Njiwa mkubwa aliyelelewa kwa mbegu anaweza kukikataa kidonge, hata akashinda njaa. Musibadilishe kwa siku moja, na musibadilishe kabisa wakati kinda wa chini ya siku kumi yuko kiotani. Siku tatu za kwanza changanya sehemu moja ya vidonge na tatu za mbegu. Siku tatu zinazofuata, nusu kwa nusu. Kisha sehemu tatu za vidonge na moja ya mbegu. Kinda aliyetengwa karibuni hana shida hiyo: bado hajajifunza kuchagua.

Mambo mawili yasiwatie hofu. Njiwa anayekula vidonge anakunywa maji mengi zaidi, na mavi yake yanakuwa laini na makubwa. Lakini mavi ya kijani kama maji si ya chakula, ni dalili ya ugonjwa ao ya njaa. Maji yawe safi kila siku, na chombo kiwe na kina cha kutosha, sababu njiwa anazamisha mdomo na kunyonya. Changarawe ndogo pia ziwepo, maana bado anakula mbegu nzima.

Kila jioni shika gole la kinda kwa vidole. Linapaswa kuwa limejaa na laini, na asubuhi limeshuka. Likibaki gumu asubuhi, ao ukiona utando wa njano mdomoni, ao shingo inapinda, hapo vidonge havitaponya. Mtenge na umuite mganga wa mifugo.

Ukinunua cha kiwandani

Soma mfuko, ao mpe anayejua kusoma. Usichukue cha kuku wa mayai kwa ajili ya makinda: kina chokaa nyingi mno, na figo za kinda hazifai kubebeshwa mzigo huo. Afadhali kile cha kuku wanaokua. Angalia tarehe, na ukatae mfuko uliolowa majini safarini, hata wakikupunguzia bei.

Hesabu ya nyumbani

Kinda aliyetengwa anakula gramu 30 hadi 35 kwa siku. Kwa hiyo kilo 10 zinalisha makinda kumi kwa mwezi mmoja hivi. Chukua bei ya soko ya kila kitu katika orodha yetu, jumlisha, kisha gawa kwa kumi: hiyo ndiyo gharama ya kinda mmoja. Ilinganishe na bei ambayo kinda anauzwa kwenu. Kama gharama inakaribia bei, punguza idadi ya jozi kabla ya kupunguza soya.

Na tuseme wazi: mahindi, soya na ndakala ni chakula cha watoto wetu pia. Kinda hapaswi kula sahani ya mtoto. Ndiyo maana tunashauri vipindi vifupi, na ndakala waliovunjika wanaobaki chini ya gunia, na pumba ya kinu. Njiwa afugwe ili aongeze nyama kwenye sahani hiyo, si kuipunguza.

Mashine ya kusaga nyama si lazima kila mtu anunue. Chama kimoja kinaweza kuwa na moja, na wanachama wakapanga siku ya kutengeneza pamoja. Leteni jambo hili katika mkutano wenu ujao. Mkianza, andikeni kila mwezi: makinda wangapi wameanguliwa, wangapi wamefika wiki ya nne. Namba hizo mbili ndizo zitawaambia kama vidonge vinafaa kwenu.