Mpingo Huzama, Mninga Huelea

Tumbukiza kipande cha kiini cha mpingo kwenye ndoo ya maji, kitazama. Kipande cha mninga mkavu kitaelea. Miti yote miwili huota kwenye misitu ya miombo, kama ile ya Kilosa na Mikumi mkoani Morogoro. Kinachoitofautisha majini ni namba moja tu: densiti linganishi.

Hesabu yake ni nyepesi. Anza na densiti, yaani tungamo gawanya kwa ujazo. Mpingo wa gramu 600 wenye ujazo wa sentimita za ujazo 500 una densiti ya gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Sasa gawanya kwa densiti ya maji, ambayo ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo. Jibu ni 1.2, bila kizio chochote, kwa kuwa vizio vimefutana. Ukipenda kilo kwa mita ya ujazo, gawanya 1,200 kwa 1,000, jibu halibadiliki. Kosa ni kuchanganya vizio: kugawanya 1,200 kwa 1.

Kinachozidi 1 huzama, kinachopungua huelea. Mninga mkavu una takriban 0.64, hivyo ukielea karibu theluthi mbili yake huwa chini ya maji.

Ujazo wa kinyago cha mpingo haupimiki kwa rula. Kipime tungamo, kisha kizamishe chote kwenye chombo kilichojaa pomoni: ujazo wa maji yanayomwagika ndio ujazo wake. Wapo wanaopaka mti mwepesi kiwi nyeusi na kuuita mpingo. Kinyago kikielea, kitilie shaka. Kikizama, usiape bado: mti wa Combretum imberbe nao huzama, na mti mbichi huongezewa uzito na maji yaliyomo ndani yake.

Namba hii inagusa hata jiko. Sokoni mkaa huuzwa kwa debe na gunia, yaani kwa ujazo, ilhali joto lake hufuata tungamo. Debe la mkaa wa mti mzito lina kilo nyingi kuliko la mti mwepesi, na hupika zaidi.

Kwa hiyo, mnunuzi, bei ya debe haitoshi. Uliza na kilo.