Historia ya Sayansi Darasani (2): Fumbo la Selimundu

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini mwanafunzi anayekariri kanuni za Mendel bila kujua zilivyopatikana huzisahau mara tu mtihani ukiisha. Leo tuchukue mfano wa hapa hapa Afrika Mashariki, ambao mwalimu wa biolojia anaweza kuufundisha kwa ubao na chaki tu.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alizunguka Kenya akipima damu za watu wa jamii mbalimbali. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hawakufika hata mmoja katika 100.

Hapa mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Achore ramani, aandike tarakimu hizo, kisha aulize: enzi hizo mtoto aliyerithi jeni hii kwa wazazi wote wawili aghalabu alikufa angali mdogo, mbona basi jeni yenyewe haikutoweka? Na mbona imeshamiri pwani na ziwani? Wapo watakaotaja mbu na malaria bila kudokezwa.

Lakini dhana bado si ushahidi. Mwaka 1953 Allison, aliyekuwa na dhana hiyo hiyo ya malaria, alirudi kuipima. Karibu na Kampala alichunguza watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikutwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasioibeba, 113. Wanafunzi wakokotoe asilimia wenyewe: watapata takriban 28 na 46. Kisha watu wazima 30 waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 waliobeba jeni, vimelea vilishika kwa 2 tu. Kati ya 15 wasioibeba, vilishika kwa 14.

Matokeo yakachapishwa mwaka 1954. Jeni inayomdhuru aliyeirithi kwa wazazi wawili humkinga aliyeirithi kwa mmoja, ndiyo maana hudumu palipo na malaria. Mwanafunzi aliyefika hapa kwa kuhoji ameuelewa uteuzi asilia, na ataweza kuueleza kwa maneno yake mwenyewe.

Historia huibua pia maswali ambayo fasili za vitabuni haziyagusi. Je, watu 30 wanatosha kuthibitisha jambo zito namna hii? Je, ni haki kumwambukiza mtu ugonjwa unaoweza kuua, hata akiridhia? Darasa lijadili bila woga, kwa kuwa anayejifunza kupima ushahidi na kutetea utu wa mgonjwa ndiye tunayemhitaji kesho hospitalini na maabarani.

Wiki ijayo: jinsi Vernon Ingram alivyogundua kwamba maradhi yote ya selimundu yanatokana na badiliko la asidi amino moja tu katika hemoglobini.