Nani Aamue Duara Lifungwe?

Taarifa za maafa migodini hupenda neno "ghafla". Duara la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kwa kawaida halibomoki ghafla; huchukua muda, na mara nyingi hutoa notisi. Ukuta wake husimama maadamu uimara wa mwamba unazidi uzito unaoukandamiza. Katika machimbo ya Kahama na Geita, tabaka la juu ni udongo na mwamba uliochakaa, dhaifu kuliko jiwe la chini. Maji ya mvua yakipenya kwenye nyufa huongeza uzito, huzitanua nyufa hizo na kulainisha udongo ulioshika mawe. Kifusi kilichorundikwa mdomoni huongeza mzigo, na duara la jirani likichimbwa hadi kukaribiana na hili, ukuta wa kati hupungua unene.

Dalili husomeka. Mchimbaji mzoefu huugonga mwamba kwa mtaimbo: mlio mkali ni mwamba mzima, mlio butu ni jiwe lililokwisha kuachana na ukuta. Hukagua pia nyufa mpya na matimba, yaani magogo yanayozuia kuta. Ila ukimya si cheti. Duara lililoingiwa mara mia bila ajali limethibitisha tu kwamba bado halijaanguka.

Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakakumbukwa kama muujiza. Ng'alita, mkoani Simiyu, Januari 2024, walikufa watu 22, mahali ambapo uchimbaji ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua. Hatari ilijulikana. Tatizo ni kwamba anayeipima mdomoni mwa duara ndiye anayepata hasara likifungwa: mchimbaji hulipwa kwa mgawo wa mawe, na mwenye duara ameshazika mtaji.

Ulaya, hatari ya maporomoko ya theluji milimani hutangazwa kwa viwango 5, na watangazaji si wale wanaotaka kupanda siku hiyo. Utaratibu huo unahamishika. Baada ya mvua kubwa, duara lifungwe hadi maji yavutwe, kuta zigongwe na matimba yakaguliwe na mtu anayelipwa posho ileile, mawe yatoke yasitoke. Mkaguzi wa serikali hawezi kuwa kwenye kila duara kila asubuhi. Mtu huyo anaweza. Kasoro yake ni moja: hazalishi dhahabu.