Omena Watokako

Wakazi wa Kaloleni, Nairobi, hununua omena katika soko la Gikomba. Yafaa wajue samaki hao watokako. Mgeni afikaye Dunga, kijiji cha wavuvi karibu na Kisumu, huona mashua zimepangwa ufukoni, na akina mama wakiwangojea wavuvi ili wanunue samaki. Omena huvuliwa katika Ziwa Victoria usiku wa giza: taa huelea majini, samaki huifuata nuru, nao wavu huwazingira. Asubuhi huanikwa juani, kisha hupelekwa mijini. Kila mwaka, tangu Aprili hadi Julai, uvuvi huo hufungwa ili samaki wazaane. Bei hupanda, naye mvuvi hukosa mapato. Lakini avuaye wazazi leo, kesho atavuta wavu mtupu.