Likizo ya Mombasa: mambo ya kupanga kabla ya kutoka nyumbani

Shule zinapokaribia kufungwa, mazungumzo ya Mombasa huanza katika vyama, makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini. Familia nyingi huenda na kurudi salama. Kwa zile zinazorudi na majuto, mara nyingi mambo huwa yaliharibika wiki kadhaa kabla ya safari, pesa zilipotumwa kwa mtu asiyejulikana au tarehe ilipochaguliwa bila kupiga hesabu.

Jambo la kwanza ni kujua Mombasa ipi inayozungumziwa. Kisiwa chenyewe ni mji wa biashara na historia: hapo ndipo penye Mji wa Kale, pembe za barabara ya Moi, bustani ya Mama Ngina na Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Fuo za kuogelea ziko bara. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Mtwapa tayari ni Kaunti ya Kilifi, na Diani ni Kaunti ya Kwale, upande wa kusini, ambako msafiri hufika kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu. Chumba cha bei nafuu kisiwani kinaweza kuwa ghali mwishoni, ikiwa watu watano watalipa matatu au tuktuk kila siku kufuata bahari.

Tarehe nayo ina bei yake. Desemba ni msimu wa kaskazi: jua kali, watu wengi, na vyumba vya bei ya juu kuliko wakati mwingine wowote. Januari inafuata mara moja na karo, sare na vitabu. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa mvua ndefu za Pwani, ambazo huzidi Mei. Agosti upepo wa kusi bado unavuma na joto limepungua, na kwa familia yenye watoto wadogo waliozoea baridi ya Ngong, huenda huo ndio wakati mzuri zaidi.

Kwa usafiri, wakazi wa Kitengela wana bahati ambayo wengi hawaitumii. Treni ya SGR iliyozinduliwa mwaka wa 2017 hupitia stesheni ya Athi River, lakini ni treni ya asubuhi pekee, ile ya kaunti inayotoka Nairobi saa mbili, inayosimama katika stesheni za njiani. Treni ya haraka ya alasiri na ile ya usiku hupandiwa Syokimau, ambako pia si mbali. Wakazi wa Loitokitok wanaweza kufuata lami hadi Emali na kuipanda hapo treni ya asubuhi, badala ya kupanda kwanza hadi Nairobi na kurudi kulekule walikotoka.

Tangu Januari 2024, nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500 kwa daraja la kawaida na Sh4,500 kwa daraja la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo watalipa Sh4,500 kwenda, yaani sawa na kiti kimoja cha daraja la kwanza. Tikiti hununuliwa kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na za Desemba huisha mapema. Ni vyema kuthibitisha nauli na saa siku ya kununua. Msafiri abebe kitambulisho chake halisi na afike angalau saa moja kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa.

Treni ya usiku huonekana kuokoa pesa za chumba cha usiku mmoja. Hata hivyo, hufika Miritini kabla ya alfajiri, na hoteli nyingi hazifungui vyumba hadi mchana. Anayesafiri na watoto aulize kwanza watakaa wapi saa hizo zote.

Kuhusu nyumba za kukodi, ulaghai hufuata njia inayofanana. Picha ni nzuri, bei ni ya chini, mwenye nyumba yuko "nje ya nchi" na nusu ya pesa inatakiwa leo kwa kuwa familia nyingine inaitaka. Wengi hudhani pesa za M-Pesa zinaweza kurudishwa kwa kutuma ujumbe kwa 456. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea nambari, na pesa zikishatolewa hakuna cha kurudisha. Kinga iko kabla ya kubonyeza: jina linalotokea kwenye simu lilingane na la biashara, malipo yaende kwa nambari ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi, na mwenye nyumba akubali kuionyesha kwa video ya moja kwa moja. Hoteli na kampuni za utalii zinatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kuomba kuiona si ukosefu wa adabu. Mwenye jamaa Mombasa amtume akaangalie. Aliyekwisha kutapeliwa ahifadhi ujumbe wote na kuripoti kituo cha polisi apewe nambari ya OB.

Baharini, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Yakipwa, mtu hutembea mbali hadi karibu na mwamba. Yakianza kujaa hurudi haraka kuliko mgeni anavyotarajia. Wenyeji wa ufuo huzijua saa hizo, na kuwauliza ni bure. Mtoto anayejua kuogelea kwenye kidimbwi cha hoteli bado hajui mawimbi. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika fuo tangu Juni 2020, kwa hiyo kila mtu abebe chupa yake ya kujaza maji.

Malaria ndiyo inayosahaulika zaidi. Pwani ni eneo la malaria ya mwaka mzima, ilhali wengi wa wakazi wa Kitengela, Ngong na Rongai hawana kinga waliyoijenga mwilini kwa kuishi na ugonjwa huo. Mjamzito na mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano amwone mhudumu wa afya kabla ya kusafiri na kuuliza kuhusu dawa za kukinga. Nyumba ya kukodi iulizwe kama ina neti, na isipokuwa nayo, neti ya nyumbani ikunjwe iingie kwenye begi. Dalili zinaweza kutokea baada ya wiki moja au hata mwezi mzima, wakati likizo imeshasahaulika na homa inadhaniwa kuwa mafua ya baridi. Anayepata homa katika kipindi hicho aende kituo cha afya kilicho karibu, aseme alikuwa Pwani na tarehe aliyorudi, na aombe kupimwa siku hiyohiyo.